Siku Niliyosoma Maulidi na Gololi Shavuni

Wenzangu, mimi nina aibu moja ambayo nimezeeka nayo. Nyingine nimezisahau, au waliozijua wamekwisha kwenda zao, lakini hii haifi, kwa sababu kila nikialikwa maulidi hapa mjini lazima atokee mtu mzima na ndevu zake nyeupe, anibonyeze shavu kwa kidole na kuniuliza, "Leo hamna kitu humu?", kisha wote wacheke na mimi nicheke nao (kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni wa heshima). Basi leo naisimulia mwenyewe, yote, ili atakayecheka acheke kwa habari kamili.

Kwanza lazima mjue gololi zilikuwa nini kwetu. Watoto wa siku hizi wananunuliwa pakiti nzima na kesho yake zimeenea chini ya makochi, hakuna anayeziokota. Miaka ile ya hamsini na kitu gololi ilikuwa mali. Nyingi zilitoka kwenye chupa za soda, zile chupa nene zisizokuwa na kifuniko, shingoni mwake mnakaa gololi ya kioo, ukitaka kunywa unaisukuma ndani kwa kidole, na mwenye duka alizilinda chupa zake kama macho yake, kwa hiyo ukitaka gololi ungoje chupa ivunjike (au uisaidie kuvunjika, hapo sitasema zaidi). Tulicheza kwenye kiwanja kidogo cha udongo pale Mkunazini, nyuma ya nyumba ya Bwana Nassor, tunachimba vishimo kwa kisigino, unakivuta nyuma kidole cha kati kwa mkono wa pili, unakiachia, na mwenye shabaha anakwenda zake nyumbani tajiri.

Na tulikuwa na sheria zetu ambazo hakuna mzee aliyezijua. Kubwa ilikuwa hii: gololi uliyoshinda haiwi yako mpaka ilale kwako usiku mmoja, na mpaka hapo lazima iwe mwilini mwako. Ukiiweka chini, ukiificha ukutani, ukimpa mwenzako akushikie, basi atakayeitia mkononi ni yake, na hakuna ugomvi. Ndiyo maana kila mmoja wetu alikuwa na mfuko, na asiyekuwa na mfuko alikuwa na shavu. Msione ajabu. Nilikuwa naweza kuweka gololi shavuni nikaitikia "Naam", nikawaamkia wazee, nikatumwa chumvi dukani na kurudi, na mama asijue kitu.

Sasa baba yangu. Baba akiitwa Makame, Mtumbatu wa kisiwani, alikuja mjini kijana akauza kahawa mpaka mwisho wa nguvu zake. Alizunguka na dele lake la shaba, makaa chini, vikombe mkononi anavigonganisha, na mimi nyuma na ndoo ya maji ya kuoshea. Kituo chake kikubwa kilikuwa baraza ya Bwana Nassor, mtu wa ukoo wa Kiarabu ambaye wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu, na yeye alikuwa amebakiwa na nyumba kubwa, baraza, na maneno. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ila ulimi wake haukupumzika, na siku moja, mbele ya baraza nzima, alipokea kikombe chake akasema, "Makame, kahawa yako haina mfano mji huu. Lakini nyinyi Watumbatu dhadi hamuiwezi. Dhadi inataka ulimi wa mjini."

Dhadi ni ile herufi nzito ya Kiarabu, ambayo Maalim Shaaban wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwa kutuchoma kidole shavuni: "Ubavu wa ulimi ubane magego! Hapa! Hapa!" Baraza ilicheka. Baba naye akacheka, akamimina kahawa. Lakini kutoka pale mpaka nyumbani hakuvigonganisha vikombe, na mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo yangu, nikajua kwamba ameumia.

Ulipoingia Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, Maalim Shaaban akatangaza chuoni kwamba kwenye maulidi ya nyumba ya Bwana Nassor, mlango mmoja wa kitabu utasomwa na mtoto, na mtoto mwenyewe ni Vuai. Vuai ndiye mimi. Nilipompa baba habari, aliweka dele chini, akaniambia, "Kasome, mwanangu. Wakusikie." Hakusema nani, na mimi sikuuliza. Tangu siku ile nililala na dhadi nikaamka na dhadi, mpaka mama akasema akisikia tena herufi hiyo jikoni kwake atanipiga mwiko.

Mama ndiye aliyenishonea kanzu mpya. Na kwa kuwa alinijua, alipoimaliza aliishika sindano tena akashona na mdomo wa mfuko, huku na huku, kwa uzi wa gunia. "Leo humu hakuingii hata kidole," akasema. "Sitaki uende kwa watu kiunoni unagongana kama mkokoteni." Nikaona ni dhulma tupu, lakini nikaivaa, maana ilikuwa kanzu yangu ya kwanza ya kushonewa.

Maulidi ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Baba alitangulia mapema na dele lake, kwani Bwana Nassor alimtaka ahudumie kahawa. Mimi nilitoka msikitini nimepakwa mafuta nang'ara, na ningepita njia kuu nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Nikapita kiwanjani. Nilijiambia naangalia tu kama kuna watu. Alikuwepo Seif, mjukuu wa Bwana Nassor, rika langu, naye amevaa kanzu na kofia ya vito, na ana hasira zake kwa sababu maulidi ni ya babu yake na msomaji ni mtoto wa muuza kahawa. Akaitoa Mwezi.

Mwezi ilikuwa gololi ambayo ami yake alimletea kutoka safarini. Kubwa, rangi ya maziwa, ndani ina mshipa wa buluu. Mtaa mzima ulikuwa ukiiota.

"Mchezo mmoja tu, Vuai," akasema.

"Nnakwenda kusoma."

"Au kanzu imekutia woga?"

Mnaona? Neno hilo tu. Nikapandisha kanzu, nikaifunga kiunoni, nikachutama. Sijui siku ile vidole vyangu vilipakwa nini, kwani kila nilichokilenga nilikipata, na kabla sijafikiri vizuri Mwezi ilikuwa kiganjani mwangu, na Seif amesimama hana rangi. Papo hapo ikasikika sauti ya Maalim kutoka mlangoni kwa Bwana Nassor: "Vuai! Vuai yuko wapi?"

"Naam!" nikaitika, na mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Mfuko umeshonwa. Nikavuta uzi kwa meno, mama yangu hakushona, alifunga mzigo. Seif anautazama mkono wangu. "Iweke chini basi," akasema polepole, "watu wanakungoja." Kule Maalim anaita mara ya pili. Nikaitia shavuni.

Na Mwezi haikuwa gololi ya shavu. Nililijua hilo mara tu midomo ilipofunga. Lakini tayari Maalim ameshanishika mkono ananiingiza ndani.

Ukumbi ulijaa, wazee wameegemea kuta zote nne, udi unafuka, mirashi ya kunyunyizia marashi imepangwa juu ya sinia katikati, na juu, nyuma ya wavu wa mbao, wanawake wote wa mtaa, mama yangu miongoni mwao. Baba alisimama mlangoni na dele lake. Aliponiona hakutabasamu, alinyoosha tu mgongo. Niliwekwa mbele, ubavuni kwa Maalim, na Seif akaja akakaa akinielekea, karibu magoti yetu yagusane. Akajifanya anapangusa uso, huku kidole kinagonga shavu lake: nipe.

Maalim ndiye aliyeona kwanza. "Una nini shavuni?"

"Jino, Maalim."

Uongo mdogo, wa herufi chache. Nilidhani umekwisha pale. Kumbe ukitaka watu wote wakutazame kinywa, waambie unaumwa na jino. Bwana Nassor akasikia, na hapa ndipo wema wake uliponimaliza, kwani yule mzee aliinuka kwenye mto wake, akaja mwenyewe akakaa karibu yangu, akasema, "Maskini mtoto, ngoja nimsomee," akaniwekea vidole viwili juu ya shavu, akaanza kusoma dua ya jino na kupuliza. Akabonyeza. Akaacha kupuliza. Akabonyeza tena.

"Subhanallah," akasema. "Limevimba. Gumu kama jiwe."

"Subhanallah," wakaitikia wazee.

"Hebu fungua kinywa tuone."

Jasho lilinitiririka mgongoni ndani ya kanzu mpya. Niliisukuma Mwezi kwa ulimi mpaka nyuma kabisa, ikapanda juu ya gego la mwisho, nikafungua kinywa upande wa pili. Mzee hakuwa na miwani, na kulikuwa na moshi wa udi, sifa zote ni za Mungu. Akaitisha karafuu, akaniwekea kwa mkono wake upande ule uliokuwa mtupu (kwa sababu upande ndio huo niliomwonyesha). "Bana," akasema. Nikabana. Basi sasa nina Mwezi huku na karafuu kule, na kinywa kinaanza kujaa mate ya moto ambayo siwezi kuyameza, maana kila nikijaribu kumeza naiona Mwezi inaelekea kooni.

Bwana Nassor akageukia watu. "Mtoto asiteswe. Atasoma Seif mahali pake. Seif, sogea mwanangu."

Nawaambieni kweli, nilifurahi. Kwa muda mdogo sana nilifurahi, nikaona mlango wa kutokea: nitaambiwa nikapumzike, nitatoka nje, nitaitema, nitapumua. Kisha nikasikia sauti kutoka mlangoni.

"Atasoma, Bwana."

Ilikuwa sauti ya baba. Miaka yote baba aliyoingia na kutoka nyumba ile, hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno zaidi ya "Hewallah" na "Tayari, Bwana". Ukumbi mzima ukageuka.

"Makame," akasema Bwana Nassor, "mtoto anaumwa."

"Jino halimzuii mtu kusoma, Bwana. Atasoma."

Uso wake ulikuwa mkavu, na dele hakuliweka chini. Nikajua nikitoka nje sasa, Seif atasoma, na atasoma vizuri, na baba atabaki amesimama pale mlangoni na maneno yake mbele ya watu wale wale waliomcheka. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuthubutu kufungua kinywa hata kusema ndiyo.

Maulidi ikaanza. Akasoma huyu, akasoma yule, wakaitikia, na mimi kila mlango ukiisha nahesabu iliyobaki. Nilitaka kujikohoza niiteme kiganjani, lakini Bwana Nassor alikuwa ananitazama kwa huruma, jirani ananitazama kwa huruma, kila jicho liko kinywani kwangu. Seif peke yake hakunionea huruma. Karafuu inachoma, ulimi umeanza kufa ganzi. Nikamwomba Mungu mvua kubwa inyeshe ndani ya nyumba. Maalim akanigusa goti.

"Haya, Vuai."

Nikaanza. Na mtashangaa, nilianza vizuri, taratibu, kichwa nimekiinamisha upande, na sauti ilitoka nzito kidogo hata mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikavuka mstari, nikavuka wa pili. Halafu nikaiona dhadi inakuja. Nilikuwa naijua iko wapi, mwezi mzima nilikuwa nikiifanyia mazoezi, na nilipofika pale ubavu wa ulimi ukaenda kutafuta magego na badala ya magego ukakuta kioo.

Ilitoka sauti, lakini haikuwa dhadi, wala sijui ilikuwa herufi gani ya lugha gani. Maalim akafumbua macho. Bwana Nassor akainua nyusi, na nikamwona, kwa macho yangu, anageuza uso kumtazama baba.

Hapo nikafanya haraka, na haraka ndiyo iliyobaki kuniua. Nikataka kuihamisha Mwezi upande wa pili. Nikasahau karafuu. Ulimi uliokufa ganzi ukateleza, mate yakaenda, na Mwezi ikaenda nayo, ikakwama.

Sikuweza kupumua. Sikuweza kupiga kelele. Machozi yalinitoka yenyewe, mikono ikaanza kuyapigapiga magoti yangu, na nyuma yangu nikamsikia mzee mmoja anasema kwa sauti ya kulia, "Mashallah, mtoto amezidiwa na mapenzi ya Mtume." Na mwingine akajibu, "Mashallah." Nikawa nakufa na watu wananisifu. Ukumbi ulianza kuingia giza pembeni, na kitu cha mwisho nilichokiona wazi ni uso wa Seif, umebadilika, na kinywa chake kinafunguka:

"Babu! Gololi! Amemeza gololi!"

Nikasikia vikombe vinavunjika mlangoni. Baba alikuja juu ya magoti ya watu, juu ya kanzu za watu, juu ya sinia la halwa, hakuomba radhi kwa yeyote, akaniinua kwa kiuno kichwa chini, akanipiga mgongoni kwa kiganja chake kizima. Akapiga tena. Mwezi ikatoka. Ikagonga mrashi wa fedha, *ting!*, ikarudi, ikaanguka ukingoni mwa zulia palipokuwa na sakafu tupu, ikaviringika mbele ya wazee mmoja mmoja, katika kimya ambacho sijakisikia tena maishani, mpaka ikafika kwa Seif. Na Seif, bila kufikiri, akaifunika kwa mkono.

"Yangu!" akasema.

Kwa sheria yetu alikuwa na haki. Lakini wazee hawakuijua sheria yetu. Kisha kutoka juu, nyuma ya wavu, sauti ya bibi mmoja ikasema taratibu kabisa, "Alhamdulillahi, jino limeng'oka."

Nyumba nzima ikalipuka. Wazee wa heshima walishikana mabega, Maalim alijifunika kilemba usoni, kule juu wanawake wanapiga mbao za wavu, na mimi nimekaa chini kanzu yangu imejaa mate na halwa. Nilimngoja baba anipige. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ananifuta uso kwa ncha ya shuka lake, na mikono yake ilikuwa baridi.

"Unapumua?"

"Nnapumua, baba."

Akaniangalia kifuani kuhakikisha. Kisha akasimama, akangoja mpaka kicheko kikapungua, akasema, si kwa ukali, "Kinywa kitupu sasa. Soma."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikasoma. Nilianza mlango upya, koo linawasha, na kila mahali watu wanauma ncha za kanzu zao wasicheke, na nilipofika pale pale ulimi ukaenda kwenye magego, ukayakuta, ukabana. Nikasoma mpaka mwisho. Sikuinua macho hata mara moja.

Baba alikuwa akiokota vigae vya vikombe karibu yangu. Bwana Nassor akainama kama anayetaka kahawa, akamwambia kwa sauti ndogo, ya sisi watatu tu, "Imetoka, Makame. Dhadi imetoka."

Lakini hilo alilisema kwa sauti ndogo. Kesho yake jioni tulipokuwa tunakata kona ya baraza, baba mbele na vikombe vya kuazima, mimi nyuma na ndoo, Bwana Nassor aliita kwa sauti ambayo nadhani ilifika Darajani: "Baba Gololi! Lete kahawa!"

Baraza ikaanguka kicheko. Mimi nilisimama, ndoo ikanimwagikia miguuni, nikautazama mgongo wa baba.

"Naam," baba akaitika, akaenda akamimina.

Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Njiani kurudi alivigonganisha vikombe mpaka mlangoni kwetu. Jina la Makame likapotea mjini, akawa Baba Gololi kwa wakubwa na wadogo, na siku tuliyomzika watu walikuwa wanaulizana njiani ni Makame gani, mpaka wakaambiwa Baba Gololi, ndipo wakajaa mpaka njia ikafunga. Seif alikuwa wa mbele kulibeba jeneza (naye ndiye huyo mwenye ndevu nyeupe anayenibonyeza shavu).

Mimi tangu maulidi ile sijatia kinywani kitu kisichotafunika, na kanzu zangu zote nakagua mfuko kabla sijamlipa fundi. Na mtu akinipigia kelele barabarani, "Ewe mtoto wa Baba Gololi!", sinuni, sigeuki pembeni. Naitika naam.